Kibuyu cha Mwisho cha Mzee Togolai

Mzee Togolai alikuwa fundi wa kulala. Kijiji kizima cha Kwamzava kilijua hivyo. Hata wale waliovutana naye miaka na miaka kwa mambo ya mipaka na mifereji, na huku kwetu milimani watu wanavutana kweli, kwa usingizi walimvulia kofia. Akiweka kichwa chini, amekwenda. Radi ipige, ng'ombe azae, mzee hana habari. Ndiva ya usingizi ilipoletwa kijijini, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa kofia ya nyuzi, na tangu hapo watu wakija kuchota walikuwa wanamsogelea Namsifu, mlinzi wa ndiva, na kumnong'oneza kwamba wa mzee usikosekane humo.

Ndiva, kwa asiyejua, ni bwawa. Wazee wa milima hii walichimba mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya mfereji. Likijaa, mlango unafunguliwa, kila kaya inamwagilia kwa zamu. Siku hizi maji yapo ya bomba, lakini zamu haijafa. Imehamia kwenye usingizi.

Kila mtu mzima anavaa kofia usiku mmoja kwa wiki. Kofia inasikiliza mawimbi ya ubongo, inakata ile saa tamu ya kuelekea alfajiri na kuitia kwenye maji mazito yaliyo ndani ya chupa ya mviringo. Wazee walikataa katakata kuiita chupa, wakaiita kibuyu, jina likashika. Aliyetoa anaamka na uchovu kidogo, kama aliyetoka safari. Kibuyu kinakaa siku tatu kitulie, maana usingizi mbichi ukimpa mtu anaamka anatapika na kichwa kinamgonga. Ukishatulia unamiminwa kwenye pipa pamoja na wa wengine. Mwenye shida, awe anauguza, awe amejifungua, awe mlinzi aliyekesha, anakuja mchana na kulala kwenye kitanda cha ndiva, mto unamchezea yale mawimbi, na maji yaliyokuwa na rangi ya chai ya maziwa yanageuka maji matupu. Namsifu alikuwa anamwagilia nayo mchicha.

Mainjinia waliokuja kufunga mitambo walisema neno moja na kulirudia mpaka likachosha: changanya. Usingizi wa mtu mmoja una ndoto zake ndani. Ukichanganywa na wa watu hamsini, ndoto zinamezana, unabaki usingizi safi usio wa mtu. Usipochanganya, shauri yako.

Namsifu alikuwa mwanamke makini wa miaka thelathini na nne. Hakuwa mtu wa kusahau sheria. Lakini alikuwa pia mtoto wa Kwamzava, na Kwamzava nyumba ikifiwa, zamu yake ya maji haiguswi mpaka matanga yaishe. Maji yake yanaachwa yatulie bwawani kwa heshima. Kwa hiyo asubuhi ile walipokuja kumwambia Mzee Togolai hakuamka, Namsifu hakufikiri mara mbili. Alikwenda rafuni, akavitoa vibuyu vitano vya mzee, vya wiki tano ambazo pipa lilikuwa limejaa, vilivyokuwa vinangoja kuchanganywa, akavifunga kila kimoja kamba ya gome la mgomba, akavipanga peke yao pembeni. Mikono yake ilifanya hayo yenyewe. Injinia asingeelewa hata ungemweleza mchana kutwa.

Matanga yakaisha. Vibuyu vikabaki pale.

*

Bibi Nakiete, mjane wa mzee, alifika wiki ya tatu. Mtu aliyefiwa ana haki ya kuchota, na yeye macho yake yalikuwa yameingia ndani kwa kukosa usingizi. Ukungu ulikuwa umekaa mlangoni, ule ukungu wetu wa mchana unaoingia ndani ya nyumba bila hodi na kukaa kwenye viti. Pipa lilikuwa limepungua. Namsifu akachukua kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa na kamba ya mgomba.

Alijua amekosea alipomtazama bibi alivyolala. Bibi Nakiete alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, wa kujikunja. Sasa alikuwa amejinyoosha pembezoni kabisa mwa kitanda, mguu mmoja nje, anakoroma kwa sauti nene ya kiume, na upande wote wa ukutani ameuacha wazi. Namsifu akamsogeza katikati. Akarudi ukingoni. Akamsogeza tena, akarudi tena.

Alipoamka alicheka. Namsifu alikuwa hajamwona akicheka tangu msibani. Akasimulia kwamba amejiona mwenyewe, msichana, anapanda kilima na mzigo wa majani ya ng'ombe, pengo la jino mbele, na aliyekuwa anatazama alikuwa amesimama mferejini na jembe, moyo unamdunda kwa woga. Hakujua kama Togolai aliwahi kumwogopa. Miaka arobaini na sita hakumwambia.

Namsifu akaona aibu, akakiri kosa lake, akaeleza habari ya kamba. Bibi hakukasirika. Alitaka tu kujua vimebaki vingapi. Kisha, akifunga kanga yake vizuri, akasema ndiyo maana ameamka na mguu wa baridi. Mume wake alikuwa analala ukingoni siku zote, yeye akilala upande wa ukutani, na kila usiku wa ndoa yao neno la mwisho kabla ya taa kuzimwa lilikuwa lilelile moja: sogea basi, utaanguka.

Sheria ilitaka vibuyu vinne vilivyobaki vimiminwe pipani siku hiyohiyo. Namsifu hakuvimimina. Alijiambia ni mpaka kesho, na kesho akajiambia hivyohivyo, na kusema ule ukweli, alikuwa ameonja furaha ya kumwona bibi yule akicheka na hakutaka kuiacha.

Kila Alhamisi, basi, Bibi Nakiete alikuja. Siku ya pili alikuwa kwenye msaragambo wa kuzibua mfereji pamoja na ndugu wa mumewe waliokwisha kufa wote, wanatukanana kwa mapenzi. Siku ya tatu alikula makande aliyoyapika yeye mwenyewe, akajua kwa mara ya kwanza kwamba chumvi yake huwa nyingi na kwamba mzee alikuwa anaipenda hivyohivyo. Siku ya nne alimbeba binti yao mgongoni akivuka mvua. Akawa anatembea kijijini uso umemnyooka, anasalimia watu kwa sauti, mpaka wenye midomo wakaanza kuuliza mjane huyu ana nini.

Kikabaki kimoja. Na kwenye kibuyu hicho ndipo palipokuwa na kidonda.

Bibi alimweleza Namsifu siku hiyo ya nne, wameketi kizingitini wanakunywa chai ya tangawizi. Mzee hakufa wakiwa wanasemezana. Siku chache kabla, alikuwa amekifyeka kichaka cha miwa alichokipanda bibi nyuma ya jiko mwaka waliooana, ati kinapotosha mfereji. Hakumwuliza. Bibi akabeba blanketi lake akahamia jikoni, karibu na mafiga. Siku tatu alimwekea chakula mezani bila neno. Siku ya nne mzee hakuamka. Kibuyu cha tano, tarehe yake iliyoandikwa kwenye kifuniko, kilikuwa cha usiku wa pili wa ugomvi ule.

"Humo ndimo atakuwa amesema," bibi akasema. "Kama alinichukia, nitaona. Kama alinisamehe, nitaona. Nakuja Alhamisi, mwanangu. Nikija kabla ya hapo unirudishe, sijawa tayari."

*

Jumatano asubuhi nesi Elifuraha akaingia ndivani akihema, viatu vimejaa matope. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na siku hiyo aliyapunguza zaidi. Nikundiwe, yule binti aliyejifungua mapacha nyumba ya juu ya kanisa, hakuwa amelala siku ya tisa sasa. Si kwamba watoto wanamsumbua. Watoto wana bibi yao. Usingizi umemkataa. Vidonge vyote vilivyopo zahanati amepewa, anabaki amekodoa macho. Jana ameanza kuongea na watu wasiokuwepo. Leo alfajiri mama mkwe amemkuta jikoni anamwosha mtoto mmoja kwenye beseni la kuoshea tangawizi, anamsugua kwa brashi, anasema huyu ana udongo mwingi. Mtoto amechubuka bega tu, Mungu mkubwa. Lakini kesho?

Namsifu akauliza habari ya hospitali. Nesi akaonyesha nje kwa kidevu. Barabara ilikuwa imekatwa na maporomoko tangu Jumapili, na vindege vya dawa haviruki kwenye ukungu huu. Daktari kwa simu amesema apatiwe usingizi kwa namna yoyote, leo, moyo wake hautavumilia.

Pipa lilikuwa kavu. Ulikuwa msimu wa kuvuna tangawizi, watu wanaamka saa tisa za usiku kuwahi mashambani, nani angetoa usingizi? Vibuyu vichache vilivyokuja wiki ile vilikuwa vya jana na juzi, vibichi. Nesi akayazungusha macho rafuni, na macho yake yakasimama kwenye kamba ya mgomba.

"Na hicho?"

Namsifu akasogea, akaikinga rafu kwa mgongo. Nesi hakuwa mjinga. Kijiji ni kidogo na bibi alikuwa amecheka sana mwezi ule. Akasema, bila ukali, kwamba anajua ni cha nani, na kwamba usingizi ukishaingia ndivani ni wa wote, hata mzee alipovaa kofia alitoa kwa wote. Akashauri jambo jepesi. Wakichukue sasa hivi. Kesho bibi akija aambiwe kimechacha. Vibuyu huchacha. Atalia, atazoea, na hakuna atakayekuwa amekosa.

Ilikuwa hesabu nyepesi, na ndiyo maana ilimtisha Namsifu. Akakitoa kibuyu rafuni, akakishika. Kilikuwa cha vuguvugu kidogo, kama yai lililotoka kutagwa. Upande mmoja mwanamke mwenye watoto wawili, ubongo unamwungua. Upande wa pili mwanamke mwenye swali moja tu duniani, na jibu lake limo humu, halipo mahali pengine popote, likishachezwa halichezwi tena. Angekuwa amechanganya tangu mwanzo kama alivyofundishwa, leo hili lisingekuwepo. Bibi angeomboleza kama wajane wote wanavyoomboleza. Yeye Namsifu ndiye aliyempa mlango wa kuchungulia, na sasa aufunge yeye, na aseme ni upepo?

"Mlete Nikundiwe," akamwambia nesi. "Mimi nakuja."

"Unakwenda wapi?"

"Kumwambia."

Nesi akasema kwamba bibi akikataa itakuwa wamemwua Nikundiwe kwa adabu. Namsifu alikuwa ameshatoka. Njiani, kwenye ukungu ambao huoni hata mikono yako, alijiuliza atafanya nini bibi akikataa, na alijua. Angekichukua kwa nguvu, mbele ya macho yake. Lakini angekichukua akiwa amemwambia. Hakujua kama hilo lilikuwa na maana yoyote, au kama alikuwa anajitafutia tu namna ya kulala yeye mwenyewe.

*

Alimkuta Bibi Nakiete nyuma ya jiko, ameinama kwenye visiki vya miwa. Vilikuwa vimeanza kuchipua, majani membamba kama ndevu za mbuzi. Namsifu akamwamkia, akaeleza yote akiwa amesimama, hakupamba. Beseni, brashi, bega la mtoto, pipa, kibuyu.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akakaa chini kwenye udongo mbichi na kanga yake safi.

"Ungenidanganya," akasema.

"Nilitaka, bibi."

"Ungenidanganya ningekulaumu kidogo, yakaisha. Sasa umenipa mimi. Nikikataa mimi ni mchawi. Nikikubali nimemzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu." Akang'oa jani moja, akalikunja, akalikunjua. "Mlinzi wa ndiva kazi yake ni kufungua mlango na kuufunga. Kwa nini umekuja kuniuliza mimi?"

Namsifu akasema hajui. Kisha akasema kweli, kwamba alikuja kwa sababu kibuyu ni cha wote lakini yale yaliyomo si ya wote. Machozi yakamtoka, akaona aibu kulia mbele ya mwenye haki ya kulia. Akamwomba msamaha kwa kamba ile ya mgomba.

Bibi hakumwambia nyamaza. Ukungu uliwapita miguuni, kuku mmoja akaja akachakura karibu na vidole vya bibi, akaondoka. Alikuwa anamkasirikia nani, hakusema. Pengine Namsifu, pengine Nikundiwe na mapacha wake, pengine mzee aliyefyeka miwa bila kuuliza halafu akafa bila kuuliza. Mwishowe akanyoosha mkono ainuliwe.

"Twende nikamwone," akasema.

*

Nikundiwe walimkuta kitandani pa ndiva, ameketi wima. Mama mkwe wake alikuwa kwenye benchi na mtoto mmoja kila mkono. Macho ya binti yule yalikuwa mekundu na makavu, na vidole vyake vilikuwa vinamenya tangawizi isiyokuwepo, vinamenya, vinatupa maganda chini, vinaokota nyingine. Alipomwona Bibi Nakiete akamwamkia kwa heshima zote, shikamoo bibi, akamwomba asogee kidogo asimkanyage mtu aliyelala hapo sakafuni. Sakafuni hapakuwa na mtu.

Bibi akasogea. Akamtazama mtoto mwenye bega lililochubuka. Akamtazama na yule mwingine.

"Mlazeni," akasema. Kisha akaomba jambo moja tu, kwamba aruhusiwe kukaa. Huenda akiamka akakumbuka kitu.

Namsifu akamweleza, kwa kuwa hakutaka tena kumficha neno, kwamba ndoto ya mtu ikiingia kwa asiyemjua mara nyingi haishiki. Bibi alikuwa anamjua mzee kila kona, ndiyo maana aliona. Nikundiwe ni mgeni kwake, aliolewa hapa mwaka jana. Ataamka na mwili umepona, na kichwani hamna kitu. Bibi akaitikia kwa kichwa. Akavuta kigoda.

Kamba ya mgomba ikakatwa. Kibuyu kikachomekwa, mto ukaanza kuvuma ule uvumi wake wa nyuki walio mbali. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha vidole vya Nikundiwe vikapunguza mwendo, vikamenya tangawizi moja ya mwisho, vikaiweka chini taratibu, vikatulia. Kope zikashuka. Akaegama kama mti unaoegama polepole, nesi akampokea, akamlaza, akamfunika blanketi. Mama mkwe akaanza kulia kimya kimya kwenye vichwa vya watoto.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mlango ulikuwa wazi na ukungu uliingia, ukakaa. Kila mtu mle ndani alisikia kope nzito; ndivyo kilivyokuwa chumba kile usingizi mzuri ukichezwa, unamwagikia hata wasiohusika. Mapacha wakalala. Nesi akapiga miayo na kujikaza. Bibi Nakiete peke yake alikuwa macho, mikono magotini, anautazama uso wa binti wa watu kama anayesoma barua iliyoandikwa mwandiko mbaya.

Uso haukusema kitu. Haukucheka, haukununa. Rangi kwenye kibuyu ilipungua, ikapungua, na uso ukabaki uso wa msichana aliyechoka. Saa nzima ikapita hivyo. Namsifu alishindwa kumtazama bibi. Alitazama ukuta.

Halafu Nikundiwe akajisogeza.

Alijisogeza kwa mgongo, kidogo kidogo, mpaka akafika ukingoni kabisa. Mguu mmoja ukatoka nje, ukaning'inia. Nesi akaruka, akamrudisha katikati. Akarudi ukingoni. Nesi akamshika tena mabega.

"Mwache," Bibi Nakiete akasema.

Upande wote wa ukutani ulikuwa mtupu. Nikundiwe akageuka akauelekea, macho yamefumba, na mkono wake ukalishika blanketi pindo, ukaliinua. Akalishikilia hivyo hewani. Mkono ulitetemeka kwa kuchoka lakini haukushuka. Alikuwa hashiki kitu wala hafuniki kitu. Alikuwa amelifungua tu, kama unavyomfungulia mtu aliyechelewa kuja kulala.

Bibi Nakiete alisimama.

"Usiku ule nilikuwa jikoni," akasema. "Nilikuwa macho. Nilisikia kitanda kinalia, nikadhani anageuka tu."

Alivua kandambili zake, akaziweka sawa chini ya kitanda, moja karibu na nyingine. Akamvuka Nikundiwe taratibu, kwa shida, magoti yanalia, akaingia upande wa ukutani na kujikunja kama alivyojikunja miaka arobaini na sita. Blanketi likashuka, likamfunika. Kibuyu kilikuwa kimebakiwa na rangi kidogo tu chini.

Siku tatu alikuwa hajamwambia mume wake neno, na karibu miezi miwili zaidi.

"Sogea basi," akasema, uso umeelekea ukutani. "Utaanguka."

Na Nikundiwe, ambaye hakuwahi kumjua Mzee Togolai, akasogea.